"Naomba unipitie tu kidogo": namna ya kupanga bei ya kuhariri na kuandika, na kuisimamia

Ujumbe huingia Ijumaa jioni, mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya Mwenge. "Habari za jioni dada. Kuna karipoti hapa naomba unipitie tu kidogo. Kako vizuri, ni vitu vidogo vidogo. Jumatatu asubuhi tunakawasilisha." Nikifungua, karipoti kenyewe kana kurasa 60.

Nahariri na kuandika kwa kujitegemea hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa 9: ripoti za mashirika, vijitabu vya afya, tasnifu, hotuba, miswada ya hadithi. Kwa muda mrefu niliamini nalipwa kidogo kwa sababu wateja hawana hela. Siku hizi naamini vingine. Malipo yanaanguka kabla hata bei haijatajwa, pale pale kazi inapopewa jina. Ikiitwa "kupitia" inakuwa msaada, na aliyesaidiwa anadaiwa asante tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni mambo ya kufanya kabla hujataja shilingi yoyote.

Sisi wa Kiswahili tuna mzigo mmoja zaidi. Ofisi ile ile inayomlipa mhariri wa Kiingereza bila ubishi hushtuka ikisikia bei ya Kiswahili. "Si lugha yetu hii?" Tangu mwaka 2021, UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka tunasikia hotuba nzuri za kuisifu lugha. Hotuba hizo kuna mtu ameketi akaziandika, na mtu huyo ana kodi ya nyumba ya kulipa.

Hatua ya 1: Jua saa yako ni shilingi ngapi

Usianze kwa kuuliza wenzako wanatoza kiasi gani. Anza na daftari lako.

Andika unachohitaji kwa mwezi mzima, bila kujionea aibu: chakula, nauli, bando, umeme wa LUKU, matibabu, hela ya nyumbani kwa wazazi, akiba ya kompyuta itakayokufa siku moja. Kodi ya nyumba igawe kwa miezi, kwa sababu wenye nyumba wengi hapa mjini wanataka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na ndipo wengi tunapokamatika tukakubali kazi yoyote kwa bei yoyote. Tuseme jumla imefika 900,000.

Sasa hesabu siku. Mwezi una siku kama 22 za kazi. Toa nne za kufuatilia wateja, kuandika ankara na kuzunguka na barua. Toa mbili za kuumwa au kukatika umeme. Zimebaki 16. Katika kila siku, saa za kuhariri kwa akili iliyotulia hazizidi tano. Ukijilazimisha zaidi, makosa yanapita mbele ya macho yako huku unayatazama. Siku 16 kwa saa 5 ni saa 80. Gawa 900,000 kwa 80, unapata 11,250.

Kisha kuna kodi. Shirika au kampuni ikikulipa kama mtaalamu mkazi, inakata kodi ya zuio asilimia 5 na kuipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Kwa hiyo panda hadi 12,000. Mtu binafsi anayelipia tasnifu yake hakukati, lakini usimtengenezee bei nyingine, usije ukajichanganya. Ukikatwa, dai cheti cha kodi ya zuio ukitunze. Kile kilichokatwa kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Nimekutana na waandishi ambao hawajawahi kudai hata kimoja.

Hiyo 12,000 kwa saa ni sakafu ya mfano wangu, yaani bei ambayo sishuki chini yake. Ya kwako itakuwa yako. Muhimu ni kwamba ukishaijua, ukiambiwa "tuna laki moja" unajua papo hapo unaombwa uchangie kiasi gani kutoka mfukoni mwako.

Hatua ya 2: Pima kasi yako kwa saa ya ukutani

Chukua kazi tatu za zamani, moja safi, moja ya wastani, moja mbovu. Hariri dakika 60 kila moja, kisha hesabu umevuka kurasa ngapi. Ukurasa ninaoutumia ni wa maneno 275, kwa sababu mteja anaweza kubana herufi na nafasi kati ya mistari mpaka kurasa 60 zikawa 38. Mimi kazi safi naenda kurasa nne kwa saa, na kazi mbovu mbili.

Ripoti ya Ijumaa ilikuwa ya kurasa mbili kwa saa. Kurasa 60 ni saa 30, yaani siku sita. Kwa 12,000 kwa saa, hiyo ni 6,000 kwa ukurasa, jumla 360,000. Walikuwa na laki moja. Hiyo ni kama 16,700 kwa siku, na kabla sijala nimeshanunua umeme na bando.

Hatua ya 3: Omba faili zima kabla ya kutaja bei, kisha hariri kurasa mbili za katikati

Jibu langu la kwanza huwa ni lile lile, hata kama mteja ni mtu ninayemheshimu sana: "Asante kaka. Naomba unitumie faili lenyewe nilione, nitakujibu kesho saa nne." Ukibanwa utaje "makadirio tu", usitaje. Makadirio ya mdomoni yakishatoka hugeuka kuwa bei, na kila utakachosema baadaye kitaonekana kama umepandisha.

Faili likifika, usisome mwanzo. Dibaji na utangulizi vimeshapitiwa na wakubwa, vimenyooka. Nenda ukurasa wa 20 au wa 30, hariri kurasa mbili kamili huku saa inahesabu. Ndipo nilipokutana na hii:

"Mradi uliweza kujenga uwezo wa akina mama wapatao 40 juu ya masuala mazima ya lishe bora hali iliyopelekea mabadiliko chanya ya kitabia kwenye ngazi ya kaya."

"Uliweza kujenga uwezo" maana yake ulifundisha. "Masuala mazima" hayabebi kitu. "Iliyopelekea" ni lile kosa lililozoeleka maofisini. Kupelekea ni kumpelekea mtu kitu, hapa kinachotakiwa ni kusababisha. Mpaka hapo ni dakika mbili. Lakini mabadiliko gani ya kitabia? Nikaenda kwenye jedwali, kurasa nne mbele. Jedwali linasema akina mama walikuwa 34, siyo 40, na 21 kati yao sasa wanawapa watoto mboga za majani kila siku. Ipi sahihi? Nikampigia mteja, hakupokea, nikaandika, akajibu baada ya kuuliza wa kitengo: 34. Sentensi ikawa:

"Mradi ulifundisha akina mama 34 kuhusu lishe, na 21 kati yao sasa wanawapa watoto mboga za majani kila siku."

Ukitoa muda wa kusubiri jibu, dakika 11 kwa sentensi moja. Mteja akiitazama ataona imefupishwa tu. Haoni kwamba mfadhili angekutana na 40 huku na 34 kule, akaanza kuitilia shaka ripoti nzima.

Angalia na jambo hili: maneno 26 yamekuwa 19. Ukitoza kwa neno, toza kwa maneno yaliyoingia, siyo yaliyotoka. La sivyo kadiri unavyofanya kazi vizuri ndivyo unavyojipunguzia malipo.

Kurasa hizo mbili mtumie mteja, mabadiliko yote yakiwa yanaonekana kwa rangi. Ni za bure, na ndizo pekee za bure. Nimejifunza kwamba maneno yangu yote kuhusu ugumu wa kazi hayafanyi kile ukurasa mmoja wenye wino mwekundu unachofanya. Wateja wengi hubadilisha lugha hapo hapo: kutoka "kupitia" wanakuja kwenye "kuhariri", wakati mwingine bila wenyewe kujua.

Hatua ya 4: Ipe kazi jina lake

Kusoma prufu ni kusaka makosa ya chapa, alama na herufi kwenye maandishi ambayo yameshahaririwa. Uhariri wa lugha ni kunyoosha sentensi, istilahi, mtiririko. Uhariri wa muundo ni kuhamisha sura, kukata, kumwambia mwandishi kwamba mlango wa kuingilia uko ukurasa wa 14. Anayelipia prufu akategemea muundo atakulaumu kwa haki yake kama hukumweleza, kwa hiyo mweleze.

Halafu kuna kazi iliyozaliwa miaka hii, nayo inatumaliza: "Nimeshatafsiri kwa Google" au "ChatGPT imeshaandika, wewe inyooshe tu." Mteja anadhani asilimia 90 imekwisha. Fungua uone. Watu wale wale wanaitwa walengwa aya ya kwanza, wanufaika aya ya pili, wafaidika aya ya tatu. Wadau wa Tanzania wamegeuka washikadau kama wako Nairobi. Sentensi zinateleza vizuri mdomoni, na ndiyo hatari yake, maana kosa la maana limejificha ndani ya sarufi safi. Kulibaini lazima uweke maandishi ya Kiingereza pembeni na kulinganisha mstari kwa mstari, na mara nyingi kutafsiri upya kungekuwa haraka zaidi. Hiyo naitoza bei ya tafsiri. Nikisema hivyo, mteja anakasirika kidogo. Namtumia kurasa mbili zilizolinganishwa, tunazungumza tena.

Na kwa wanafunzi: "Dada nisaidie sura ya nne, data ninazo" si uhariri. Ni kumwandikia mtu shahada. Kataa, hata kama hela yake ni nzuri kuliko ya ripoti.

Hatua ya 5: Andika makubaliano, hata kwa WhatsApp

Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ujumbe wa simu kama ushahidi. Kwa hiyo usingoje mkataba wenye mihuri. Huu ndio ujumbe ninaotuma, uchukue, badilisha namba:

"Habari za asubuhi kaka. Nimeiona ripoti: maneno 16,500, sawa na kurasa 60 za maneno 275. Inahitaji uhariri wa lugha, pamoja na kuoanisha takwimu za kwenye maandishi na za kwenye majedwali. Kupanga kurasa na kutafsiri havimo. Bei ni 360,000, ukituma kwa simu weka na ya kutolea. Nusu kabla sijaanza, nusu siku ya kukabidhi. Nitamaliza ndani ya siku 6 za kazi tangu nusu ya kwanza iingie. Marekebisho ni awamu moja, ndani ya siku 7 baada ya kukabidhi. Kitakachoongezwa baada ya leo nitakihesabu 6,000 kwa ukurasa. Ukikubali naomba uniandikie 'nimekubali' hapa hapa."

Kila sentensi pale imetokana na maumivu fulani. "Havimo" ilitokana na mteja aliyetaka nimpangie na picha. "Weka na ya kutolea" ilitokana na makato ya kutoa hela yaliyokuwa yakinila kidogo kidogo kwenye kila kazi. Tarehe inahesabiwa tangu hela iingie kwa sababu zamani mteja alikuwa anachelewesha malipo ya awali siku tano na bado anataka kazi siku ile ile ya kwanza.

Akisema "lakini Jumatatu", kuna majibu mawili ya kweli: Jumatatu utapata kurasa 20 zenye uzito zaidi, au utaipata yote kwa nyongeza ya nusu ya bei kwa sababu nitahariri usiku na Jumapili. Usikubali Jumatatu kwa bei ya siku sita.

Hatua ya 6: Usianze bila malipo ya awali

Mwaka wangu wa pili nilihariri kitabu cha mtu mzima mmoja, msomi, kurasa 212, kwa neno lake tu. Alikuwa ananiita "mwanangu", na kumdai mtu anayekuita mwanangu niliona ni utovu wa adabu. Nikafanya marudio ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kitabu kilizinduliwa ukumbini, picha nikaziona kwa watu. Sikupata shilingi wala jina langu kwenye ukurasa wa shukrani. Nililia siku ile, na sioni haya kuandika hivyo, maana najua kuna mtu anasoma hapa na ana kitabu chake cha namna hiyo.

Ukimheshimu mtu mzima, mheshimu kwa maneno na kwa kazi safi. "Shikamoo mzee. Naomba unisamehe, utaratibu wangu naanza kazi nusu ikishaingia. Ni kwa wote, hata ndugu zangu." Anayekusudia kulipa hakasiriki kwa hilo.

Mashirika makubwa yatakuambia hayalipi kabla. Hapo omba LPO (hati rasmi ya kuagiza kazi) au barua ya kuthibitisha kazi yenye saini, na ugawe kukabidhi: sura tatu, malipo, sura nyingine. Uliza mapema kama wahasibu wao wanataka namba ya mlipakodi (TIN) pekee au na risiti ya mashine ya kodi (EFD), kwa sababu jambo hilo likiibuka mwishoni linaweza kukukalisha mwezi mzima.

Hatua ya 7: Linda kazi ikiwa njiani

Faili moja tu. Ukishaanza, mwambie mteja asiguse nakala yake. Wakati wewe uko ukurasa wa 40, ofisini bosi anaongeza aya kwenye nakala ya zamani, halafu unaletewa "hii ndiyo ya mwisho kabisa" na kazi yako yote haimo. Likitokea, rudi kwenye makubaliano: aya mpya zinahesabiwa kwa ukurasa, na kuhamisha mabadiliko kunahesabiwa kwa saa.

Maoni yaje kutoka kwa mtu mmoja. Wakiwa watano, watakuvuta huku na huku. Mmoja anataka "wanufaika", mwingine anaifuta. Mwambie mteja wakubaliane wenyewe kwanza.

Hatua ya 8: Bei ikilalamikiwa, punguza kazi

"Duh, dada, tufanyie kishkaji." Tuseme ofisi ina 200,000 kweli, siyo uongo. Basi kwa 6,000 kwa ukurasa hiyo ni kurasa 33: muhtasari, matokeo na mapendekezo, ambazo ndizo zinasomwa. Zilizobaki wazisome wao. Hivi umemsaidia na bei yako imebaki pale pale.

Kwa ndugu na marafiki wa kweli napunguza, lakini naandika yote mawili: bei ni 360,000, nimekupunguzia 100,000. Nisipoandika, mwakani atamwambia mwenzake kwamba mimi ni wa 260,000. Na mteja akikuambia yuko mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayefanya kwa 1,000 kwa ukurasa, usimseme vibaya kijana wa watu. Anaanza kama ulivyoanza. Mwambie mteja ajaribu kurasa mbili kwake na mbili kwako, kisha alinganishe. Vilevile unaweza kumwelekeza aulizie BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ambao nao hufanya kazi za tafsiri na uhariri kwa malipo. Ataona kwamba kuilipia lugha si jambo ulilolibuni wewe.

Kwenye masoko ya mtandaoni ya nje sitakaa sana. Kumbuka tu Fiverr hukata asilimia 20 ya malipo yako, kwa hiyo sakafu yako igawe kwa 0.8 kabla ya kuweka bei.

Hatua ya 9: Asipolipa

Aliyekupa kazi mara nyingi siye anayelipa. Siku unayotuma ankara, uliza jina la mhasibu na siku yao ya kutoa malipo. Hela nyingi nilizodhani nimedhulumiwa zilikuwa zimekwama mezani zikisubiri saini ya mtu aliyesafiri kwenda Dodoma. Siku ya malipo ikipita, andika kwa upole. Baada ya siku 7 piga kwa mhasibu. Baada ya siku 14 peleka barua ya madai kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usitukane wala usimwanike mtu kwenye grupu, unaweza kugeuziwa kesi.

Ikishindikana kabisa, deni linalotokana na makubaliano linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na kule mashauri yanaendeshwa kwa Kiswahili. Beba makubaliano yako, faili ulilokabidhi, na ujumbe wa "nimekubali". Binafsi nimefika hatua ya barua mara nne, na tatu kati ya hizo nililipwa ndani ya wiki.

Hatua ya 10: Pandisha bei kabla bajeti haijaandikwa

Mteja wa zamani anayelipa vizuri humpandishii katikati ya kazi. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, na mashirika mengi huanza Januari. Wahi miezi mitatu kabla, wakati maofisa bado wanajaza vifungu vyao, kisha mwandikie: "Mama, shikamoo. Kuanzia Januari ukurasa wa uhariri wa lugha utakuwa 7,000. Kazi zote mlizonipa kabla ya hapo zinabaki 6,000. Nimekutaarifu mapema ili uiweke kwenye bajeti." Mwaka jana niliwaandikia wateja watano hivyo. Mmoja aliondoka. Wanne waliingiza kifungu, na mmoja kati yao alikiita kwa maandishi, kwa mara ya kwanza, "uhariri wa Kiswahili".